Chapa ya Silinda Namba Tatu

Injini ilikohoa mara moja, ikatulia kama mtu aliyesahau neno, halafu ikaanza kugonga. Siyo kutetemeka. Kugonga, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa la chuma na anataka kutoka. Tulikuwa tumeruka kutoka Hulugho dakika kumi hivi, saa nne ya asubuhi, jua limeshakuwa kali, na nyuma yetu hakuna mzigo ila makasha matupu ya chanjo. Mwende, rubani wetu, alisukuma hiki, akavuta kile, akabadilisha tangi la mafuta. Nilimwona kwa macho yangu akibadilisha tangi. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Mbele yetu kulikuwa na barabara ya mchanga, imenyooka, ndege ingekaa pale bila shida. Lakini barabarani kulikuwa na akina mama na punda wa maji, na nyuma yao msururu wa ngamia. Mwende aliwatazama, akageuza pua ya ndege kwenye miiba.

"Adeer," aliniambia, kwa sauti ile ile ya siku zote ya kuniomba chai, "inamisha kichwa, shika magoti."

"Tutatua?"

"Tutatua. Sijui vipi, lakini tutatua."

Tulitua. Mimi nilitolewa na mguu mmoja unaofanya kazi, na mkono wa kushoto usioweza kufungua hata chupa ya maji. Yeye alitolewa amefunikwa shuka.

Naitwa Dahir. Garissa wananijua kwa Dahir Gaab, Dahir mfupi, maana sisi Wasomali mtu hata awe na jina zuri namna gani lazima tumwongezee kasoro yake. Umri wangu ni hamsini na mbili, sijafika wa kuitwa mzee, lakini mguu umenistaafisha. Shule niliiacha darasa la nne, mbuzi walipokosa mchungaji. Haya nayaandika mwenyewe, binti yangu ananirekebishia hapa na pale, na nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi ya ndege ndogo katika viwanja vyetu vya vumbi. Nataka mjue kazi. Na nataka mjue nani alifanya nini.

Kazi nilifunzwa na Fundi Mutiso, Mkamba wa Kitui aliyekuja Garissa kwa miezi mitatu akakaa miaka thelathini. Nilikuwa nafagia hangari. Siku moja aliniona nimeweka sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha yake nimeigusisha kwenye injini inayozunguka, kama nilivyomwona yeye akifanya.

"Unasikia nini, wewe?"

"Nasikia bistoni inalia."

"Sema pistoni."

"Bistoni."

"Pi, Dahir. Pi!"

"Bi."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Ulimi wangu haujui hiyo herufi, umezaliwa bila yake. Lakini sikio langu lilikuwa sawa, na ile pistoni ilikuwa inalia kweli. Kuanzia hapo ufagio nilimwachia mwingine.

Zamani kuangalia ndani ya silinda ilikuwa kazi ya kubahatisha. Mutiso alikuwa na kioo kidogo cha daktari wa meno na tochi ya kalamu. Unatoa plagi, unachungulia kwenye kitundu, unaona giza na pua yako mwenyewe. Kipimo cha kutegemea kilikuwa cha upepo: unajaza hewa kwenye silinda, unasoma saa ya kipimo, inakwambia hewa inavuja kiasi gani. Kipimo kizuri, mimi sikikatai. Lakini vali, kifuniko kinachofungua na kufunga njia ya moshi, inaweza kuwa imeanza kuungua na saa bado inakuonyesha namba nzuri, kama mgonjwa wa kifua anayesalimia watu kwa nguvu.

Halafu zikaja kamera za waya. Yangu niliinunua sokoni Garissa, kwa kijana anayeuza chaja na vifuniko vya simu. Aliniambia ni ya mafundi wa mabomba, kuangalia choo kilichoziba. Waya mrefu, kichwa chembamba kuliko kidole cha mtoto, taa ndogo kuzunguka jicho, na mwisho wa pili unachomeka kwenye simu. Ndani ya boksi kulikuwa na vifaa vitatu vya kuvalisha kichwa: ndoano, sumaku na kioo cha kuangalia pembeni. Mainjinia wa Nairobi wana za bei ya nyumba. Yangu ilikuwa bei ya mbuzi mmoja, tena aliyekonda.

Mtaa mzima ulitaka kuonja. Jirani aliniletea sikio lake. Mzee mmoja alinipeleka mpaka kwa ngamia wake aliyekuwa hatoi sauti, akataka nimwangalie koo. Nilimwambia, "Mzee, hii kamera akiimeza nitamsubiri nyuma siku tatu." Akanijibu, "Waryaa, kwani una haraka gani?"

Sasa sikilizeni namna ya kuitumia. Acha injini ipoe kwanza. Ukiingiza kamera kwenye silinda ya moto, taa inayeyuka na utarudi sokoni. Hakikisha swichi za moto zimezimwa, ufunguo umetoka na uko mfukoni mwako, siyo mfukoni mwa rafiki yako. Toa plagi ya juu. Taa ya kamera ipunguze, maana ukiiwasha yote kila kitu kinang'aa na hutaona chochote. Halafu mwenzako azungushe propela kwa mkono, polepole, akisimama kama anayesimama karibu na ngamia dume msimu wake wa kupanda, mpaka vali ya moshi ifunguke na uone ukingo wake.

Vali nzima ni kama anjera, chapati yetu ya maji, iliyopikwa vizuri. Mnajua anjera ya mama inavyokuwa: duara ndani ya duara, rangi inatoka katikati kwenda pembeni kwa usawa. Vali yenye afya iko hivyo, wekundu wa kahawia umetandazwa sawasawa. Ukiona upande mmoja rangi imekimbia, imekuwa kijani kibichi au nyeupe kwenye ukingo, hapo moto unapita mahali pasipo pake. Hiyo anjera imeungua upande mmoja. Hiyo ndege hairuki.

Jambo la mwisho: funga kichwa cha kamera na uzi. Hili nililijua kwa aibu. Wiki ya kwanza tu kile kioo kidogo kilichomoka ndani ya silinda namba tatu ya ndege yetu. Sumaku haikukishika. Nilichukua spoki ya baiskeli, nikapinda ncha, nikavua kama anayevua ndoo kwenye kisima. Nilikipata baada ya Adhuhuri. Lakini spoki iliteleza ikaparuza paa la silinda, kando ya tundu la plagi, maana paa lile ni alumini laini. Mistari miwili imelala pamoja na mmoja umeikata juu yake.

Mutiso alichungulia kwenye simu muda mrefu. Nilingoja anifukuze.

"Haina madhara," alisema. "Lakini umeipiga chapa, Dahir. Nyinyi si mnapiga ngamia wenu chapa ya ukoo kwa moto? Haya. Namba tatu ni ngamia wako sasa. Hata akipotea mpaka Liboi utamjua."

Ndivyo alivyokuwa. Mwingine angenitukana mama. Yeye alinigawia ngamia.

Na Mwende ni binti yake. Alikulia kwenye kiwanja kile, akila anjera kwa mke wangu asubuhi na ugali kwa baba yake jioni, akiongea Kisomali kwa kasi kuliko watoto wangu. Aliniita adeer, baba mdogo, na kwetu mtoto akikuita adeer nawe unamjibu adeer, heshima inakwenda na kurudi. Alipokwenda kusomea urubani, Mutiso alitembea kiwanjani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Aliporudi na mabega yenye mistari, alimkalisha baba yake kwenye kiti, akamwambia, "Baba, leo mimi ndiye ninayeondoka na wewe ndiye unayengoja." Mutiso alistaafu mwaka ule. Aliniambia maneno machache: "Mimi nimemaliza. Yeye umwangalie wewe."

Sasa nawafikisha kwenye jina la kwanza. Yusuf Dheere, Yusuf mrefu, meneja wa kampuni tuliyoifanyia kazi.

Siku moja niliingiza kamera kwenye namba tatu na nikaona anjera imeungua. Upande mmoja kijani, ukingo umeanza kuliwa. Nilipiga picha, na kwenye picha ile pembeni chapa yangu inaonekana. Nilikwenda ofisini kwa Yusuf. Alikuwa peke yake.

"Hii nini? Tumbo la nani?"

"Vali ya moshi ya namba tatu. Inaungua. Isiruke."

"Upepo umepima?"

"Upepo uko sawa. Lakini tazama—"

"Dahir, mimi niisimamishe ndege kwa sababu ya kamera ya choo?"

"Ya choo au ya msikiti, kilicho mle ndani ni hicho hicho."

Alicheka, akanigonga bega. Alisema nimtumie picha, ataipeleka kwa Injinia Odera wa Nairobi, silinda itabadilishwa. Nilimtumia, nikarudi zangu.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza, na ni kosa ambalo mtoto wa mfugaji haruhusiwi kulifanya. Kwetu ukimpa mtu mnyama, aibu yake unaitamka kabla kamba haijatoka mkononi mwako: huyu anapiga teke, huyu chuchu moja imekufa. Na unaitamka mbele ya mashahidi wawili, ili kesho asiwepo wa kusema hakuambiwa. Sokoni Garissa nimelifanya hilo mara ngapi, kwa mbuzi tu. Kwa ndege iliyobeba watu niliitamka aibu ndani ya chumba, mlango umefungwa, kwa mtu mmoja. Nilidhani ndege ni mambo ya ofisi, na ofisi ina njia zake.

Siku ya pili yake eedo wangu, dada ya baba, alifariki kule Diff. Nilikwenda kuzika. Ndege ilikuwa imesimama, na hilo lilinipa moyo. Niliporudi baada ya siku nne, Yusuf alinipokea na kitabu cha injini mkononi.

"Soma."

"Unajua Kiingereza changu kinaishia wapi."

"Basi tazama muhuri." Akanisomea yeye, kidole kikifuata mstari: silinda namba tatu imetolewa, mpya imefungwa, sahihi Injinia Odera. "Umefurahi sasa, daktari wa matumbo?"

Nilifurahi, wallahi. Nilikwenda kwenye ndege kuipangusa. Na hapa, wanangu, someni polepole. Nati za namba tatu zilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu, lililoganda na mafuta, la miezi. Nati iliyofunguliwa juzi haina vumbi la hivyo, spana inaliondoa. Niliona. Kamera ilikuwa mfukoni mwangu. Kutoa plagi ni dakika chache tu.

Mwende alikuja, kofia mkononi.

"Adeer, nimeambiwa ndege ilisimama kwa ajili ya namba tatu. Iko vipi?"

"Kitabu kinasema imebadilishwa, adeer."

"Mimi sijakiuliza kitabu. Nakuuliza wewe."

"Muhuri upo," nikasema. "Injinia ametia sahihi."

Alinitazama kidogo. Halafu akasema, "Haya. Kama umesema wewe."

Mimi sikusema. Muhuri ndio uliosema. Mtu ambaye hakusoma anauogopa wino kama anavyoogopa askari. Maisha yangu yote karatasi imenishinda: kwenye kitambulisho, kwenye kizuizi cha barabarani, hospitali. Macho yangu yaliona vumbi, wino ukasema hakuna vumbi, nikayaaibisha macho yangu. Hilo ndilo kosa langu la pili, na sitaki mtu yeyote anisamehe kwa haraka.

Kesho yake tulikwenda Hulugho.

Nililala hospitali muda mrefu. Mutiso alikuja kila Jumapili baada ya ibada yake, ananiletea machungwa, ananimenyea kwa sababu mkono haukuweza. Hatukuongea juu ya lile. Aliongea mvua, aliongea bei ya machungwa. Siku niliyotoka alinionyesha barua. Kampuni ilimwandikia, sahihi ya Yusuf Dheere chini. Binti yangu alitusomea: wanasikitika sana, lakini inaonekana rubani alisahau kubadilisha tangi la mafuta, injini ikakosa mafuta.

Mutiso aliikunja barua ile kwenye mikunjo yake ya zamani. Ilionekana imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Alisahau?" aliniuliza.

"Hakusahau. Nilimwona akibadilisha. Na injini haikukosa mafuta, Fundi. Iligonga."

"Ilikuwa nini?"

"Namba tatu. Vali. Niliiona kabla."

Aliiweka barua mfukoni. Mimi nilitamani anipige.

"Ulimwambia nani?"

"Yusuf."

"Mbele ya nani?"

Niliyatazama machungwa aliyoniletea. Naye miaka thelathini Garissa amejifunza desturi zetu. Alijua amenichoma wapi. Alichukua chungwa lingine, akaanza kulimenya.

"Niliacha kuangalia siku ya mwisho," nilimwambia. "Kamera nilikuwa nayo. Aliniuliza, nikamjibu muhuri."

"Nimesikia, Dahir."

"Uliniambia nimwangalie."

"Nimesikia," akasema tena, na akanipa lile chungwa, kipande kwa kipande, mpaka likaisha. Mpaka leo sijui mtu anapata wapi moyo wa namna hiyo. Mimi wa kwangu hauko hivyo. Wa kwangu umekuwa mchungu, na nauacha uwe.

Wachunguzi wamechukua maelezo, wanasema faili bado iko wazi. Injini iliyovunjika imerudishwa na lori, iko uani kwa kampuni chini ya turubai. Mlinzi wa pale, Hassan, ni mtu wa sala. Aliniita akaniambia amemsikia Yusuf akisema injini ile itakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Tulikwenda mchana, mlango wazi. Mimi na mkongojo wangu, Mutiso na kofia yake ya kanisani, na Hassan. Safari hii nilitaka mashahidi wawili na niliwahesabu kabla sijagusa kitu. Mkono wangu mmoja haukuweza kutoa plagi, kwa hiyo Mutiso aliitoa mwenyewe, ile ya chini ya namba tatu. Nati za silinda zilikuwa bado na vumbi lao jekundu. Nilivalisha kamera kile kioo kidogo, nikakifunga na uzi, nikaingiza.

Kichwa cha vali hakipo. Kimekatika, kikapigwapigwa na pistoni mpaka kikawa changarawe. Paa la silinda limejaa mashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Niligeuza waya polepole, nikapita upande wa pili, kando ya tundu la plagi ya juu.

Mistari miwili imelala pamoja. Mmoja umeikata juu yake.

Hassan hakuelewa. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya zamani, halafu hii. Aliangalia moja, akaangalia nyingine, mtu wa Wajir aliyekua akitafuta ngamia waliopotea, hakuhitaji darasa. "Huyu ni yule yule," alisema. "Hakuuzwa, hakubadilishwa."

Mutiso alichukua simu kwa mikono miwili. Nilidhani atalia. Alileta kioo cha simu karibu na macho, akakitazama kama alivyokitazama siku ile ya spoki.

"Ngamia wako, Dahir," alisema. "Umemjua." Halafu, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yangu kuisikia, "Mwende, hukusahau, mama."

Picha zote mbili tumewapelekea wachunguzi, na Hassan ameapa mbele yao. Injini sasa ina kufuli ambayo ufunguo wake hauko kwa Yusuf.

Vijana, nunueni kamera. Hata ya choo. Na kitabu kikikwambia kimoja na tundu la plagi likakwambia kingine, amini tundu. Ukiona aibu ya ndege, itamke mbele ya watu wawili, kwa sauti, hata kama wanakucheka. Na rubani akikuuliza, mjibu kwa jina lako wewe.

Mimi sehemu yangu nimeijibu hapa, kwa maandishi, na kwa baba yake ana kwa ana. Zimebaki sehemu mbili. Injinia Odera, ulitia sahihi silinda ambayo hukuigusa. Garissa wiki ile hukukanyaga, na kiwanja kizima kinajua nani hushuka na nani hashuki. Yusuf Dheere, uliniwekea kidole juu ya mstari ukanisomea uongo kwa sababu ulijua siwezi kuusoma, kisha ukauandika mwingine kwa mzee ambaye binti yake alikwenda kwenye miiba ili asiue akina mama wa watu.

Njooni wote wawili nje ya hangari, mchana, watu wakiwepo. Leteni kitabu. Sisi tutakuja na picha za namba tatu. Fundi Mutiso atakaa kati na barua yenu mkononi, na mtamwambia mnaichukua mkayafuta maneno yake, au mnamwachia. Lakini kwanza mjibu swali moja, mbele ya mashahidi, kwa lugha yoyote mnayotaka: silinda mpya mliyoiandika, iko wapi?